Konde zito katika mwili mdogo: namna ya kulinganisha mabingwa wa zamani

Katika baraza moja la kahawa huku Mikindani, ambako mimi hukaa baada ya swala ya isha, ubishi wa ngumi huanza na asilimia na kuishia kwenye kelele. Mmoja husema kwamba Carlos Zárate wa Meksiko ndiye aliyekuwa na konde zito kuliko mabondia wote wa uzito mdogo, kwa kuwa alishinda mapambano 66 na kati ya hayo 63 aliyamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Mwingine humjibu kwa Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, aliyeshinda 44 na kumaliza 42. Usiku mmoja nilichukua kalamu nikagawanya: 63 kwa 66 ni sawa na 21 kwa 22, na 42 kwa 44 nayo ni 21 kwa 22. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata nukta. Mjomba mmoja, ambaye kila msimu hupeleka korosho zake ghalani, alicheka akasema kwamba gunia halipewi daraja kwa kutazamwa nje. Sampuli huchukuliwa, korosho zikapasuliwa, ndipo ubora wake ukajulikana.

Mwongozo huu ni wa kupasua. Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye bando la kutosha kutazama picha za zamani, na saa chache za utulivu. (Huku kwetu neno “makonde” lina maana zaidi ya moja, na wenyeji wa Newala wataniwia radhi nikilitumia kwa ile ya ngumi peke yake.)

Anza na mizani, kwa sababu ndiyo inayosahaulika mapema kuliko kitu kingine chochote. Kikomo cha uzito wa flai ni ratili 112, yaani kilo 50.8, bantamu ni ratili 118, yaani kilo 53.5, super bantamu ni 122, yaani kilo 55.3, na uzito wa unyoya ni 126, yaani kilo 57.2. Kutoka bantamu hadi unyoya ni kama kilo 3.6, ambazo kwa mnunuzi wa unga si kitu, lakini kwa mtu mwenye kilo 53 ni karibu sehemu moja ya kumi na tano ya mwili wake wote. Kwa hiyo usimlinganishe bondia na bondia. Mlinganishe bondia katika uzito fulani na bondia mwingine katika uzito huo huo, na juu ya kila ukurasa wa daftari uandike uzito huo kwa tarakimu. Zárate wa kilo 53.5 na Zárate wa kilo 55.3 wapewe kurasa mbili tofauti, kama watu wawili.

Kisha uliza kama uzito huo ulikuwapo. Super bantamu ilianza kugombewa chini ya WBC, mojawapo ya mashirikisho yanayotoa mikanda ya ubingwa, mwaka 1976, na inafaa tukumbuke kwamba katika pambano la kwanza la mkanda huo, lililopigwa Panama mwezi Aprili mwaka huo, mmoja wa wagombea wawili alikuwa jirani yetu Philip Waruinge wa Kenya, mwenye medali za Olimpiki za 1968 na 1972, ambaye wakati huo alikuwa akipigana ngumi za kulipwa akitokea Japani. Rigoberto Riasco alimshinda. Kabla ya hapo, mtu ambaye mwili wake ulitulia kwenye kilo 55 alikuwa na njia mbili tu: ajikaushe hadi bantamu, au apande kwenye unyoya akakutane na watu waliomzidi. Anayemlaumu Rubén Olivares, bingwa wa bantamu wa Meksiko kabla ya hapo, kwa kutotwaa mkanda wa super bantamu anamlaumu kwa kutopanda basi ambalo lilikuwa halijaanza safari.

Swali la tatu la mizani ni siku ya kupimwa. Katika enzi ya Olivares na Zárate, bondia alipanda kwenye mizani asubuhi ya siku ya pambano, na jioni akaingia ulingoni akiwa na mwili ule ule. Siku hizi wengi hupimwa siku moja kabla, wakanywa maji, wakala, wakalala, na wanapopanda ulingoni wamerudisha kilo kadhaa. Konde la bantamu wa leo linaweza kuwa linatoka katika mwili wa unyoya, na kidevu kinacholipokea vilevile. Sisemi kwamba hilo linampunguzia mtu sifa, nasema liandikwe.

Baada ya mizani, ifungue rekodi. Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika hapa. Kwa miaka kadhaa ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa Alfonso Zamora, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na bingwa wa bantamu wa WBA, shirikisho jingine la ngumi, tangu 1975, kwa sababu hadi Aprili 1977 alikuwa ameshinda mapambano 29 na yote 29 kwa KO, yaani kwa kummaliza mpinzani kabla ya kengele ya mwisho. Asilimia mia moja, niliwaambia barazani, haina mjadala. Mjomba wa korosho aliniuliza swali moja tu: hao 29 ni akina nani? Niliduwaa, kwa sababu nilikuwa nimehesabu walioanguka bila kuwatazama.

Njia niliyoifuata tangu siku ile ni kuyagawa mapambano ya kila bondia katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ya kupandia ngazi, ambamo kijana mwenye kipaji hupewa wachovu na wanaoanza ili ajenge jina. Hayo yahesabu, lakini usiyape uzito mkubwa. Fungu la pili ni yale aliyopigana na mtu aliyekuwa bingwa, aliyewahi kuwa bingwa au aliyekuja kuwa bingwa, pamoja na mapambano yote ya mkanda. Fungu la tatu ni yale ya uzeeni, baada ya mwili kushuka. Hukumu yako itoke katika fungu la pili. La kwanza na la tatu yawe mashahidi tu.

Ukifanya hivyo, Gómez anang'aa kuliko asilimia yake inavyoonyesha. Alitetea mkanda wake wa super bantamu mara 17, na mara zote 17 aliwamaliza wapinzani kabla ya raundi za mwisho kwisha. Khaosai Galaxy wa Thailand, aliyekuwa na mkono wa kushoto wa kutisha, alitetea mkanda wake wa ratili 115 mara 19 kati ya 1984 na 1991, na 16 kati ya hizo zikaisha kwa KO. Ni hesabu nzuri sana, lakini ukiwasoma wapinzani wake jina kwa jina utaona kwamba wengi hawakuwa wa daraja la wale waliosimama mbele ya Gómez. Kwangu mimi Khaosai hubaki nyuma yake, na wanaompenda huwa hawanisamehe.

Zárate naye huinuka kwa fungu la pili, na huinuka kwa kumwangusha huyo huyo Zamora wangu. Tarehe 23 Aprili 1977 walikutana Inglewood, California, wote Wameksiko, wote mabingwa wa bantamu, mmoja wa WBC na mwingine wa WBA, bila mkanda wowote kuwekwa mezani. Zárate alikuwa ameshinda mara 45, mara 44 kwa KO. Ukijumlisha na za Zamora unapata ushindi 74, na 73 kati yake haukufika kwa majaji. Pambano hilo litazame mara tatu, tena bila sauti, kwa maana mtangazaji huwa ameshamchagua mtu wake na atakuambia umeona kitu ambacho hukukiona.

Mara ya kwanza tazama miguu ya mpigaji. Zamora anaingia kwa kasi, mabega mbele, akirusha makonde ya pembeni ambayo nusu yake yanapita hewani, na anaporusha, kisigino chake cha nyuma mara nyingi kimeshanyanyuka. Zárate, mrefu na mwembamba, anakanyaga kwanza ndipo anapiga. Mkono wa kushoto unatangulia ukiwa umenyooka, unapima umbali kama fundi anavyopima ubao, na wa kulia unafuata njia ile ile. Mara ya pili tazama magoti ya anayepigwa. Kichwa hudanganya, kwa sababu hurushwa hata na ngumi nyepesi iliyompata mtu vibaya, lakini goti halidanganyi: konde zito hushuka mpaka chini. Mara ya tatu tazama sekunde kumi baada ya kila konde safi, uone kama aliyepigwa anaendelea na alichokuwa akifanya au amebadilisha mwendo. Zamora anabadilisha mwendo mapema, kabla hajaanguka. Katika raundi ya tatu anakwenda chini, na ya nne inakuwa ya mwisho. (Usishangae kuona mtazamaji amepanda ulingoni katika raundi ya kwanza na askari wanamtoa, hayo nayo yalitokea.)

Sasa ingia katika neno KO lenyewe, kwa sababu rekodi huweka ndani ya kapu moja mambo ambayo hayafanani. Kuna mtu kuanguka na kuhesabiwa hadi kumi. Kuna mwamuzi kusimamisha. Kuna wasaidizi wa kona kurusha taulo. Kuna jeraha la jicho. Kuna kiungo kuteguka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sandy Saddler na Willie Pep katika uzito wa unyoya. Walikutana mara nne na Saddler akashinda tatu, zote kabla ya kengele ya mwisho. Ile ya Oktoba 1948, ambayo Pep alimalizwa katika raundi ya nne, ni konde tupu. Lakini ile ya Septemba 1950 iliisha Pep akibaki kwenye kiti kwa sababu ya bega, na ya Septemba 1951 iliisha kwa sababu ya jicho, katika pambano lililojaa kukabana na kuvutana hata likawa kama mieleka. Saddler alikuwa na konde zito, hilo halina shaka, kwani KO zake zaidi ya 100 hazikupatikana kwa bahati. Hata hivyo kwa Pep mimi humwandikia KO moja, si tatu. Vivyo hivyo Chucho Castillo alipomnyang'anya Olivares mkanda wa bantamu Oktoba 1970 katika raundi ya 14, kilichosimamisha pambano kilikuwa jeraha la jicho. Castillo alistahili ushindi wake. Ukurasa wake wa konde haupati kitu.

Hatua inayofuata ni kanuni za enzi, na hapa idadi ya raundi ndiyo yenye maana kubwa zaidi. Mapambano ya mkanda yalikuwa ya raundi 15 hadi pale Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipofariki siku chache baada ya kupigana na Ray Mancini katika raundi 14 za mwezi Novemba 1982. Baada ya hapo WBC ilishusha hadi 12, na wengine wakafuata katika miaka iliyofuata. Matokeo yake ni kwamba bingwa wa zamani alikuwa na raundi tatu za ziada za kumtafuta mtu aliyechoka. Julai 1982, mjini New York, Salvador Sánchez wa Meksiko alimsimamisha Azumah Nelson wa Ghana katika raundi ya 15. Lingekuwa la leo, wangekwenda kwa majaji baada ya raundi ya 12, na rekodi ingesoma pointi. Kwa hiyo kila unapoona KO ya raundi ya 13, 14 au 15, izungushie duara. Usiifute, kwa sababu kubaki na konde zito wakati mapafu yanawaka ni kipaji pia. Ila usiiweke kwenye mizani moja na ya mtu ambaye hakupewa nafasi hiyo.

Kwa mabondia wa kabla ya vita kuu ya pili, nashauri uachane na asilimia kabisa. Jimmy Wilde wa Wales, bingwa wa flai kuanzia 1916 hadi alipoangushwa na Mfilipino Pancho Villa mwaka 1923, alianza kwa kupigana kwenye mahema ya maonyesho, akipokea yeyote aliyepanda jukwaani kujaribu bahati, na mapambano hayo hayakuandikwa kama tunavyoandika leo. Mtu huyu mara nyingi hakufika hata kilo 49. Walimwita mzuka mwenye nyundo mkononi, na ukiona picha yake, mikono myembamba kama ya mvulana wa darasa la saba, utaelewa kwa nini walidhani ni mzuka. Kipimo chake kisiwe KO ngapi, bali aliwaachia wapinzani kilo ngapi, yaani walimzidi uzito kwa kiasi gani. Alipokuja kuzidiwa na Pete Herman mjini London Januari 1921, katika raundi ya 17, alikuwa mbele ya bantamu halisi aliyetoka kupoteza mkanda wake wiki tatu tu kabla. Mtu wa kilo 49 akimstahimili bantamu kwa raundi 16, ukurasa wake haupungui kitu kwa kipigo hicho.

Baada ya hayo ndipo uangalie kama konde linasafiri, maana yake kama linabaki na nguvu bondia anapopanda uzito. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho kinachowagawa watu wa barazani. Olivares alimwangusha Lionel Rose wa Australia katika raundi ya tano Agosti 1969 akatwaa ubingwa wa bantamu. Miaka mitano baadaye, mwili umeshaonja starehe nyingi, alipanda kwenye unyoya akammaliza Zensuke Utagawa mwaka 1974, na Juni 1975 akammaliza Bobby Chacón katika raundi ya pili. Kweli, Alexis Argüello wa Nicaragua alimwangusha katika raundi ya 13, na David Kotey wa Ghana akamshinda kwa pointi Septemba 1975. Lakini hapa hatuulizi nani alishinda, tunauliza kama konde lilifika, na lilifika.

Gómez alipopanda kwenye kilo hizo hizo 57.2 mambo yalikuwa mengine. Sánchez alimsimamisha katika raundi ya nane mjini Las Vegas, Agosti 1981. Machi 1984 aliupata mkanda wa unyoya kutoka kwa Juan LaPorte, ila kwa pointi. Yule mmalizaji wa watu 17 mfululizo alilazimika kusubiri karatasi za majaji. Desemba mwaka huo Azumah Nelson alimfuata nyumbani kwake San Juan akamsimamisha katika raundi ya 11. Naoya Inoue wa Japani, nikimtaja kwa haraka, amekwishaonyesha kwamba konde lake linasafiri: aliikusanya mikanda yote minne ya bantamu Desemba 2022, na Julai 2023, katika pambano lake la kwanza la super bantamu, akamsimamisha Stephen Fulton katika raundi ya nane. Ukurasa wake lakini una maandishi mawili pembeni: raundi 12, na mizani ya siku moja kabla.

Sasa unaweza kurudi kwenye ubishi wetu wa kwanza, kwa sababu Zárate na Gómez walikutana. Ilikuwa tarehe 28 Oktoba 1978, mjini San Juan. Zárate alifika na ushindi 52, 51 kati yake kwa KO. Gómez alikuwa na 21, zote kwa KO, na sare moja ya pambano lake la kwanza kabisa. Gómez alimmaliza katika raundi ya tano. Wengi hufunga daftari hapo, na ndipo wanapokosea, kwa kuwa pambano lile lilikuwa la kilo 55.3, uzito wa Gómez, mbele ya watu wa Gómez. Ushahidi wa kilo 55.3 usiupeleke kwenye kilo 53.5. Ukifanya hivyo itakubidi pia useme kwamba Gómez hakuwa na konde, kwa sababu tu Sánchez na Nelson walimmaliza kilo mbili juu ya pale alipozoea.

Njia hii humtendea haki hata mtu wa kwetu. Rogers Mtagwa, Mtanzania aliyekuwa akiishi Philadelphia, alipopanda ulingoni Madison Square Garden Oktoba 2009 kugombea mkanda wa super bantamu wa shirikisho la WBO dhidi ya Juan Manuel López, rekodi yake ilikuwa na vipigo zaidi ya kumi, na kwa asilimia peke yake usingempa nafasi ya kukaa kwenye meza moja na hawa. López alishinda kwa pointi. Lakini tazama raundi ya 12 kwa zile sekunde kumi nilizozitaja: bingwa anayumba, anamkumbatia mpinzani, miguu inatafuta mahali pa kusimama. Konde la Mtagwa lilifika kwa bingwa ambaye hadi usiku ule hakuwa amepigwa na mtu. Ulinzi wake ndio uliomwangusha, na ulinzi una ukurasa wake. Michael Yombayomba, aliyetuletea dhahabu ya bantamu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998, mpe daftari lake pia, kwa maana ngumi za ridhaa zina raundi chache na hesabu nyingine kabisa.

Mwishowe andika hukumu, na uiandike kwa sentensi yenye masharti, si kwa jina tupu. Zangu kwa sasa zinasomeka hivi: kwa kilo 53.5, mizani ya asubuhi, raundi 15, Zárate; kwa kilo 55.3, masharti hayo hayo, Gómez; kwa konde linalosafiri kutoka bantamu hadi unyoya, Olivares; kwa kilo walizoachiwa wapinzani, Wilde, na wa pili wake simwoni. Pembeni mwa kila hukumu weka tarehe uliyoiandika, na unapoibadilisha usiifute ile ya kwanza, ikate kwa mstari mmoja ili isomeke. Ukurasa wangu wa kilo 53.5 una majina mawili yaliyokatwa, la Zamora na la Olivares, na mjomba wa korosho hupenda kuufungua huo kwanza kila anapokuja.